Tonge la Pili

Tonge lilikuwa limesimama mbele ya mdomo wangu, na mkono ulioliinua haukuwa na haraka. Lilikuwa tonge la heshima: injera, ule mkate wetu laini wa unga uliochachushwa, iliyokunjwa juu ya mnofu wa paja la kuku, kipande cha yai kikichungulia kando, na mchuzi mwekundu wa pilipili ukichuruzika kwenye vidole vya mama mkwe wangu, Bi Yeshareg, hadi kwenye kifundo cha mkono. Ilikuwa asubuhi ya Pasaka. Mfungo mrefu ulikuwa umekwisha, nyumba yake ya pale Debre Markos ilikuwa imejaa ndugu waliojitanda shela nyeupe, na wote walikuwa wananitazama. Kwetu tonge la kulishwa halikataliwi. Unaweza kusema umeshiba, unaweza kurudisha kichwa nyuma kidogo kwa adabu, lakini mwishowe unafungua mdomo. La kwanza likishaingia hufuatwa na la pili, maana kumlisha mtu tonge moja ukaishia hapo ni kumtafutia ugomvi.

Mimi sikufungua. Nilisema, "Nisamehe, mama. Tumbo langu halitaweza."

Mkono ulibaki palepale. Mchuzi ukadondoka kwenye shela yangu, doa jekundu kifuani ambalo sabuni haijalitoa mpaka leo. Mume wangu, Dagnew, aliyekuwa amekaa ubavuni mwangu, akanigusa goti na kunong'ona neno lake lile ambalo nimelichukia kuliko matusi: "Kidogo tu." Nikatikisa kichwa. Hapo ndipo wifi yangu Birke, ambaye hajawahi kuuacha ukimya upite bure, aliposema kwa sauti iliyomfika kila mtu, "Anauogopa mkono wa mama. Anaogopa jicho."

Hakuna aliyemkemea. Marehemu baba yake Bi Yeshareg alikuwa mhunzi, na watu wa kwetu wana ukatili wao wa tangu zamani: huenda kwa mhunzi kununua jembe na kisu, wakisha kulipa wakarudi nyumbani wakasema mhunzi ana jicho. Mwenye jicho, wanasema, hukutazama unapokula, na kuanzia siku hiyo anakula matumbo yako kidogo kidogo kutoka mbali. Basi mkaza mwana mwenye tumbo bovu, anayekataa chakula cha mkono wa binti wa mhunzi mbele ya ukoo mzima, hakuhitaji kusema zaidi. Walikuwa wamesikia nisichokisema. Bi Yeshareg alilirudisha lile tonge sahanini, akaenda kunawa mikono, na hakuonekana tena sebuleni siku ile.

Sasa niseme nilivyoumwa, kwa kuwa wote walionihukumu walifanya hivyo bila kutaka kusikia. Korona ilipoingia nyumbani kwa Bi Yeshareg, watoto wake aliowazaa mwenyewe walisimama nje ya lango. Birke alikuwa akiweka chupa ya supu juu ya ukuta na kuondoka akiwa amejifunga mdomo kwa shela. Dagnew alikuwa akiuliza hali kwa simu, naye yuko hatua chache kutoka dirishani. Aliyeingia ndani ni mimi. Nilimfulia mashuka, nilimgeuza ubavu, nilimtilia maji kinywani kwa kijiko. Akapona, nami nikashikwa. Kikohozi changu kilikwisha, pumzi ikarudi, tukamshukuru Mungu wote pamoja. Kilichobaki kilibaki tumboni, na hicho hakuna aliyekuja kukitazama hata kupitia dirishani.

Nikila injera, tumbo linaumuka kama unga wenyewe ulioachwa kwenye mtungi. Dengu zinanikata. Pilipili ndiyo usiseme. Naomba radhi kwa anayesoma huku anakula, lakini nimechoka kuficha: naharisha mpaka miguu inatetemeka, kisha siku zinazofuata sipati choo kabisa, na chakula cha asubuhi nakisikia kooni jioni. Ninafundisha hesabu shule ya msingi. Mara ngapi nimeacha chaki katikati ya mgawanyo nikatoka mbio, nikisema, "Narudi." Wanafunzi wakanipa jina, Mwalimu Narudi. Mwalimu mkuu naye, badala ya kuwakanya, aliniuliza kama sidhani ingekuwa vyema nipumzike mwaka mmoja.

Nilitibiwa, sikukaa bure. Zahanati ya kwanza walinipa dawa ya homa ya matumbo, maana tumbo lolote katika mji wetu huwa ni homa ya matumbo kwanza, mengine baadaye. Ya pili wakanipa dawa ya amiba. Ya tatu wakasema nina wadudu wa vidonda vya tumbo, wakanipa mafungu ya vidonge vilivyonilaza chini kabisa. Mwisho nilisafiri hadi Bahir Dar, nikatiwa kamera kooni huku machozi yananitoka, na daktari akasoma majibu bila kuinua uso. "Vipimo vyako ni safi," akasema. "Una mawazo?"

Nilimjibu kuwa ninayo, tena mengi, kwa kuwa kila mahali ninapoingia nawaza choo kiko wapi. Hakucheka. Nilimwambia haya yote yalianza na korona, naye akasema korona ni ugonjwa wa mapafu. Kana kwamba ugonjwa ni mgeni aliyepewa chumba kimoja na kukatazwa kuzurura katika nyumba. Akaniandikia dawa za usingizi. Nililipa, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za hospitali nikiwa na hasira iliyonifanya nisahau maumivu kwa muda. Afadhali angeniambia hajui.

Birke naye akanipeleka kwenye chemchemi ya maji ya baraka. Mimi ni muumini, nayaheshimu maji yale. Lakini walininywesha jagi juu ya jagi mpaka nikatapika, na wanawake wakapiga vigelegele wakisema pepo limetoka. Lililotoka lilikuwa maji. Nilirudi nyumbani mnyonge kuliko nilivyokwenda, na Birke akatangaza kuwa nimepona, kwa hiyo tangu siku ile kila nilipoacha kula ilikuwa ni maringo. Nikaanza kutembea na mkebe wa viazi vya kuchemsha na chumvi, kwa kuwa viazi havikunisumbua. Kwenye msiba niliufungua mkebe wangu, kwenye ubatizo niliufungua, na kila mahali macho yalikuwa yakiufuata kama nimetoa chupa ya pombe.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo Pasaka ile. Baada yake mambo yalikwenda haraka. Sokoni ilisemwa kuwa mwalimu Felekech, yaani mimi, amemwita mkwewe mla matumbo. Kuna mwanamke alihama kwenye foleni ya kusaga nafaka Bi Yeshareg aliposimama nyuma yake, na maneno hayo yakanifikia kana kwamba nimemhamisha mimi. Dagnew akafunga nguo zake kwenye begi na kuhamia kwa mama yake. Alisema ni mpaka mambo yapoe. Nilimuuliza kama anaamini nilimwita mama yake hivyo, akasema, "Siamini, lakini si ungekula kidogo tu, yakaisha?"

Wazee wakaja kusuluhisha, kama ilivyo desturi. Waliongozwa na Mzee Mengesha, baba mkubwa wa Dagnew, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani hata anapoomba chumvi. Walikaa kwangu, wakanywa kahawa raundi zote tatu, kisha wakatoa hukumu. Maneno hayataliondoa doa la Bi Yeshareg, walisema. Nitakwenda nyumbani kwake Jumapili, mbele ya watu walewale, nile tonge lilelile kutoka mkono uleule. Nikila, Dagnew atabeba begi lake kurudi. Nisipokula, wazee watakaokuja mara nyingine watakuja kwa ajili ya talaka.

Niliwakumbusha kuwa naumwa. Mzee Mengesha akanihakikishia kwamba hakuna aliyesema siumwi. "Ila hujasikia mtu kufa kwa tonge moja, binti yangu."

"Kwa hiyo jina lake litasafishwa kwa tumbo langu," nikasema.

Akatazama wenzake kwa jinsi wanaume wanavyotazamana mwanamke anaposema jambo la kweli mahali pasipofaa. Nikakubali. Sitajisifu kuwa nilikubali kwa upole. Nilikuwa nampenda Dagnew, pamoja na uoga wake wote, na nyumba ilikuwa baridi bila yeye. Lakini nilikubali kama mtu anayekwenda kutumikia kifungo cha mwingine, na kila nilipofikiria ule mkono unaochuruzika mchuzi, ulimi wangu ulikuwa mchungu.

Jumapili ilipofika nilivaa ile shela yenye doa, makusudi. Mkebe wangu niliutia mkobani kama kawaida. Nyumba ya Bi Yeshareg ilikuwa imetandikwa majani mabichi sakafuni kama sikukuu, na meza yetu ya kusukwa kama kikapu imefunuliwa katikati, mvuke wa kuku ukipanda. Bi Yeshareg hakunitazama. Alikuwa akizunguka, akilisha watu: tonge kwa Mzee Mengesha, la pili kwa Mzee Mengesha, tonge kwa Birke, kwa majirani, kwa watoto mlangoni. Kila mtu alikuwa akimwombea maisha marefu mdomo ukiwa umejaa. Mimi nilikaa pembeni ya Dagnew nikingoja zamu yangu, na tumbo likaanza kunisokota kwa hofu tu, kabla sijala chochote. Bi Yeshareg akatoka kwenda jikoni. Baada ya muda nami nikanyanyuka, nikazunguka nyuma ya nyumba kwenda chooni.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikangoja. Kisha nikasikia, na nikajua ninachokisikia kabla sijataka kujua. Mguno uliobanwa kwa meno. Kimya. Maji yanamiminwa kutoka juu kwa makusudi, yafunike sauti nyingine. Hila ile ya maji nilidhani nimeibuni mimi.

Mlango ulipofunguka, Bi Yeshareg alikuwa amejishikilia kwenye mwimo. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo na uso umegeuka rangi ya majivu. Tuliangaliana. Nyuma yetu watu walikuwa wanacheka kwa sauti ndani ya nyumba.

"Tangu lini, mama?" nikauliza.

Alitazama kwanza kama kuna mtu anakuja. "Tangu ulipokuwa unanifulia mashuka."

Nikaanza kukumbuka. Niliikumbuka Krismasi, niliukumbuka ubatizo wa mtoto wa Birke, niliikumbuka Pasaka yenyewe: mkono wa Bi Yeshareg ukizunguka kwenye kila mdomo uliomo chumbani. Sikuweza kukumbuka hata mara moja, tangu ugonjwa, ambapo ule mkono ulirudi kwenye mdomo wake mwenyewe. Anayelisha watu haulizwi mbona yeye hali.

"Kwa hiyo ulijua ninachoumwa," nikasema.

"Nilijua."

"Wanasema maringo, wananinywesha maji mpaka natapika, na wewe unajua. Pasaka, tonge liko mbele ya uso wangu, unajua."

"Nilidhani utakula." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikuwa ya kuomba. "Wewe siku zote ni mwepesi wa kukubali. Ungekula, wakaona binti wa mhunzi analisha na mkaza mwanawe anapokea, wangeninyamazia mwaka mzima."

"Na mimi?"

Alijifuta jasho kwa ncha ya shela. "Wewe ukiacha kula, mwanangu, wanasema unaringa. Mimi nikiacha kula watasema nimeshiba kwingine. Watasema nimeshiba matumbo yako."

Ningependa kuandika kuwa moyo wangu ulilainika hapo. Haukulainika. Nilielewa kila neno lake, na kadiri nilivyoelewa ndivyo nilivyozidi kuwaka. Mwanamke yule alikuwa mtu pekee duniani ambaye angeweza kusema, "Mwacheni, anasema kweli," na alikuwa amenitazama nikiaibika mwaka na zaidi ili yeye apate kujificha nyuma yangu. Nilikuwa nimemwosha kwa mikono yangu. Nilitaka kumwambia hayo yote, lakini mlango wa jikoni ulilia na sauti ya Birke ikatuita, ikisema wazee wanangoja.

Bi Yeshareg akanishika kiwiko. "Twende. Nitachukua pembeni ya sahani, pasipo na pilipili nyingi," akaninong'oneza. "Kidogo tu."

Lau angechagua maneno mengine yoyote, labda ningekula.

Tuliingia. Mzee Mengesha akasafisha koo na kuhutubia kuhusu amani ya ukoo, hotuba ambayo nina hakika aliifurahia. Kisha akampa ishara shemeji yake. Bi Yeshareg akakata injera, akaichovya pembeni kama alivyoahidi, akaikunja kwa vidole vyake vitatu. Dagnew alikuwa amefumba macho.

Nikaufungua mkoba wangu, nikautoa mkebe, nikauweka juu ya meza ya kusukwa, kando ya kuku.

"Kaja na chakula chake cha shule," Birke akasema, na baadhi wakacheka.

Nilichukua kiazi, nikakiponda kwa vidole na chumvi, nikafinyanga tonge. Kabla mkono wa Bi Yeshareg haujanifikia, wangu ulikuwa umefika kwake. Nikalisimamisha lile tonge mbele ya mdomo wake. Mdogo anaruhusiwa kumlisha mkubwa, hakuna aliyeweza kusema nimevunja adabu, na mkubwa akilishwa hakatai.

"Mama," nikasema kwa sauti ya darasani, ili wa mlangoni nao wasikie, "tangu korona hiki ndicho tumbo langu linachokubali. Lako sijui."

Nitasema ukweli, sikuliinua lile tonge kwa wema. Nililiinua ili asimame pale nilipokuwa nimesimama, aone macho yale yanavyoonekana kutoka upande huu. Akikataa, atakuwa amenifanyia mbele ya watu kile nilichomfanyia yeye nikahukumiwa. Akila kama mtu anayekihitaji chakula kile, watajua kuwa naye anaumwa. Na alikuwa ameyaona yote hayo kabla yangu. Macho yake yalizunguka chumba taratibu, uso kwa uso, hata nikafikiri anamtafuta aliye wa kwanza kumwita baba yake jina lile.

Nikataka kuushusha mkono. Nasema kweli, nilitaka. Nikagundua kwamba haushuki. Mkono ukishasimama na chakula mbele ya uso wa mtu, na watu wanatazama, hauna pa kwenda ila mbele. Kiazi kilikuwa kinapoa vidoleni mwangu na bega lilianza kuuma, na nikakumbuka jinsi mkono wake ulivyobaki pale Pasaka, bila kutikisika, mchuzi ukidondoka.

Bi Yeshareg akaliweka tonge lake sahanini. Hilo peke yake ni jambo lisilofanywa, na mtu mmoja akavuta pumzi. Kisha akainamisha kichwa, akafungua mdomo, akala.

Alitafuna polepole. Hakutafuna kwa adabu, wala hakumeza harakaharaka kama mtu anayeficha. Alitafuna kama mwenye njaa ya muda mrefu, macho ameyafumba. Chumba kizima kilimsikiliza akitafuna kiazi.

"Yeshareg," Mzee Mengesha akasema, na safari hii sauti yake haikuwa ya kanisani. "Na wewe?"

Alimeza, akangoja kidogo, mkono juu ya tumbo, jinsi ninavyongoja mimi nikisikiliza kama kimekubaliwa. Birke alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa, na maji yalikuwa yakimwagikia kwenye majani bila yeye kujua. Dagnew alikuwa amefumbua macho na anatutazama mama yake na mimi, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta milango imehamishwa.

Bi Yeshareg akanitazama.

"La pili," akasema.

Hasira yangu ilikuwa bado ipo, nzima, haijapungua hata chembe, na nilikuwa na maneno ya kumwambia ambayo nilijua nitayasema siku moja, pengine kesho. Lakini mkono wangu ulikuwa umekwisha kuingia mkebeni, na vidole vilikuwa vinapapasa kati ya viazi, vikitafuta kilicho laini zaidi.